Patroba na Majani Yaliyong'olewa Ziwani

Mume wangu Patroba hakutia sumu katika ziwa lolote. Hakuwa mganga, hakuacha wokovu, wala hakufa kwa kupigwa na mkono wa Mungu. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo ambao madaktari walikuwa wakiutibu miaka mingi kabla ya mambo haya, kwenye kitanda cha hospitali, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Nalisema hili kwanza kwa sababu hadithi nyingine imetoka hapa Mansfield, Texas, ikafika Carrollton, kisha ikashuka Houston. Huko, katika mtaa wa Sharpstown, ambako wengi wanaoisimulia hawakuwahi kumwona, imeongezwa chumvi mpaka mimi mwenyewe nashindwa kumtambua mtu niliyeishi naye. Naserian, muuguzi niliyemfundisha kazi na ambaye sasa anaishi huko, alinipigia simu na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Kanana, ni kweli mzee alikuwa akienda kuongea na maji?"

Nilimjibu kwamba mzee alikuwa akiongea na mimi. Maji aliyapima.

Patroba alizaliwa kando ya Ziwa Victoria, upande wa Homa Bay, akasomea biolojia Nairobi, na huko ndiko tulikokutana, mimi nikisomea uuguzi. Yeye Mjaluo, mimi Mmeru. Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yetu, nacho ndicho tulichokuja nacho Texas. Alipata kazi katika maabara ya maji ya mji mmoja wa hapa, akaifanya mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kuchota maji ya maziwa na mabwawa, kuyatazama kwa hadubini na kuwaambia wakubwa wake ni vijimea gani vinavyoishi ndani yake. Alistaafu, lakini hakuacha. Chupa zake ndogo zilikaa kwenye friji yetu karibu na maziwa, nikapiga kelele, akazihamishia nyuma ya mayai. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata siku ya kukata nyasi. Hakuwa mtu mwepesi. Jambo akishalisema mara moja alidhani limeeleweka, na ukimtaka alirudie alikutazama kama mwanafunzi aliyechelewa darasani. Simfichi. Namwandika kama alivyokuwa.

Mdogo wake ni Wilfred, ambaye wengi wenu mnamjua kama Pasta Wilfred. Patroba ndiye aliyemleta Marekani. Alilala chumba cha chini nyumbani kwetu, alikula mezani kwetu, na kanisa lake lilianzia sebuleni kwetu, viti vikiwa vimeazimwa kwa majirani. Lilipokua likakodi ukumbi. Ukumbi ulikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kubatizia, na Wilfred hakubali ubatizo wa kunyunyiza. Kwa hiyo tulibatizia kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja karibu na barabara kuu. Siku moja, binti wa watu akiwa amesimama ndani ya maji machozi yakimtoka, Wilfred amenyanyua mkono juu, mtoto wa mgeni wa hoteli akapita katikati yao amelalia boya la umbo la bata. Vijana walicheka mpaka wimbo ukakatika. Wilfred hakucheka. Nadhani wazo la ziwa lilianzia siku hiyo.

Ziwa lenyewe ni dogo, kusini mwa Mansfield, katika shamba la mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa akifuga ng'ombe. Alikubali kanisa litumie ukingo mmoja, bure. Palikuwa pazuri: gati fupi la mbao, miti ya kivuli, na maji yaliyotulia, safi kiasi kwamba uliona chini. Na chini kulikuwa na majani. Yalijaa kama msitu mdogo, mengine marefu yenye umbo la mkia, mengine kama nywele, yakiyumbayumba upepo ukipita. Ukiingia yalikushika miguu.

Mwezi wa tatu Wilfred alitangaza siku ya kusafisha ziwa. Watu walikuja na reki, kamba na mabuti ya mpira, akina mama na sufuria za pilau. Mimi nilikwenda na chapati, na Patroba alikuja nyuma yangu na chupa zake.

"Omera!" Wilfred alimwita kaka yake kwa Kijaluo kutoka majini, suruali imekunjwa mpaka magotini. "Leo tunamaliza magugumaji ya Texas!"

"Haya si magugumaji," Patroba akasema kutoka kwenye gati. "Magugumaji yanaelea. Haya yameota chini."

"Gugu ni gugu."

"Basi hata sukuma wiki ni gugu."

Watu walicheka. Celestine, mwenyekiti wa akina mama, aliyekuwa akivuta kamba pamoja na wanaume, akapaza sauti: "Mwacheni Mzee Patroba, anaogopa viatu vitalowa! Mpeni kiti akae na wageni!"

"Celestine, siku nikivua viatu hivi itakuwa ni kuyapanda hayo unayoyang'oa."

Mpaka hapo ulikuwa utani. Kisha Patroba akawaeleza, mara moja, kama kawaida yake. Alisema majani yale ndiyo yanayokula mbolea inayoingia ziwani, ndiyo yanayoshika tope lisitimke, na ndani yake ndimo wanamojificha wadudu wadogo wa maji wanaokula vijimea. Mkiyatoa yote, alisema, chakula kitabaki majini bila mlaji, na wa kwanza kukila watakuwa vijimea. Acheni nusu, safisheni njia tu ya kuingilia. Wilfred akamwambia kwamba watu wanataka kuona maji, si bustani. Patroba akajibu, "Ungesoma badala ya kupiga makofi, ungejua maji ni nini."

Neno lile lilikuwa baya, na lilisemwa mbele ya watu ambao Wilfred ndiye mchungaji wao.

Wilfred alisimama na reki mkononi, maji yakimdondoka. "Mimi nayajua magugu ya majini," akasema polepole. "Wewe hukuwepo."

Wengi waliokuwa pale hawakujua alichokuwa akisema. Mimi nilijua. Miaka ile magugumaji yalipoziba ufuko wa kwao, dada yao alishikwa na uchungu wa uzazi ukaenda vibaya. Wakampakia kwenye mashua wamvushe kwenda hospitali. Mashua ilinaswa katikati ya magugu, injini ikazongwa na majani mpaka ikazima, na Wilfred, kijana bado hajanyoa ndevu, alishinda akiyakata kwa panga huku dada yake akilia nyuma yake. Kisha sauti ya dada ikanyamaza. Patroba alikuwa chuoni Nairobi. Alipata habari kwa simu ya jirani.

Patroba alishuka kwenye gati, akajaza chupa yake, akarudi kwenye gari kunisubiri. Yaliyobaki mnayajua: walivuta majani mpaka jioni, wakarudi tena Jumamosi iliyofuata, na lundo lake ukingoni likawa refu kuliko watoto. Maji yalibaki wazi, yamelala kama kioo. Picha zilipigwa. Zilikuwa picha nzuri.

Hadithi inayozunguka huwa inaruka kutoka hapo mpaka siku watu walipougua, kana kwamba katikati hakukutokea kitu. Kulitokea. Upande wa juu wa ziwa, malisho ya ng'ombe yaliuzwa. Matingatinga yalikwangua nyasi yote mpaka udongo mweusi ukabaki uchi, nyumba zikaanza kuinuka, na mbele ya kila nyumba iliyokamilika wakatandika nyasi zilizoletwa zimekunjwa kama mikeka na kuzimwagia mbolea ili zishike. Mvua za mwezi wa nne na wa tano mnazikumbuka. Zamani maji yale yalipita katika malisho taratibu, yakanywewa na ardhi. Sasa yalishuka kwa mtaro moja kwa moja ziwani, yamebeba udongo na mbolea. Patroba alinipeleka kuuona mtaro. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nilimsikia akisema, "Hili sikulihesabu."

Nyumbani akaniweka mbele ya hadubini. Nimefundisha uuguzi, hadubini hainitishi. Akaniwekea kwanza tone la maji ya mwezi wa tatu, lililochotwa siku ya reki. Niliona vijimea vya kila namna: vya kahawia vyenye maganda kama ya kioo, vya kijani vyenye umbo la mwezi mchanga, vingine vikizunguka vyenyewe. Vilikuwa vichache na vimeachana, kama watu kwenye harusi, kila mmoja na nguo yake. Akaweka tone la mwezi wa tano. Wageni wote wameondoka. Nyuzi za shanga ndogo zimejaa uwanja wote, zimelaliana, zote zimevaa sare moja.

"Hawa ni akina nani?"

"Hawa wanapenda maji ya vuguvugu, mbolea nyingi, na mahali ambapo hakuna majani ya kushindana nao," akasema. "Baadhi yao wana sumu. Si wote. Si kila siku."

"Hawa wa kwetu?"

"Sijui bado."

Hiyo ndiyo sababu alianza kwenda ziwani mara kwa mara. Kila alipochota maji alitia ndani ya chupa matone machache ya iodini, ili vijimea visioze kabla hajavitazama. Iodini ina rangi ya chai ya rangi. Matone yale yaliingia ndani ya chupa, si ndani ya ziwa. Mtu aliyesimama mbali, chini ya miti, angeona mzee ameinama gatini, kichupa kimoja mkononi, kitu cheusi kikidondoka. Kuna mtu aliona. Alichokiona kilikuwa kweli, alichokifikiri hakikuwa.

Jumamosi kabla ya ubatizo uliopangwa ziwani, Wilfred alikuja kwetu kuchukua mavazi meupe niliyokuwa nimeyashona. Patroba aliweka chupa mezani, mbele ya sahani yake. Maji yalikuwa ya kijani kama rangi ya kupaka ukuta.

"Ahirisha," akamwambia. "Usiwaingize vijana humo."

"Basi la Houston limeshakodiwa. Watu wa Sharpstown wanaondoka alfajiri."

"Hoteli bado ina bwawa."

"Nikabatize tena katikati ya mabata ya plastiki?" Wilfred akajaribu kucheka. "Kaka, niambie kitu kimoja. Ina sumu au haina?"

"Labda."

"Labda?"

"Nahitaji siku chache. Rafiki yangu maabarani ananipimia."

"Mwezi wa tatu ulinivua nguo mbele ya kanisa langu kwa uhakika wote wa dunia," Wilfred akasema. "Leo nakuuliza, unaniletea labda."

"Labda ndiyo jibu la kweli."

"Mimi siwezi kupanda madhabahuni na labda." Akachukua mavazi, akanigeukia. "Shemeji, asante. Yamependeza." Akaondoka bila kunywa chai. Nilitaka kumfuata. Patroba akasema, "Muache. Atafikiri usiku." Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake kuu, kwamba mtu akiachwa peke yake na ukweli ataukubali. Sijui aliipata wapi.

Ubatizo ulifanyika. Maji yaliwafika kifuani, na waliotoka walikuwa na utando wa kijani kwenye nguo nyeupe. Patroba alisimama ukingoni na ndoo za maji safi, akiwaambia vijana wajimwagie na wasimeze, na baadhi walimwona ni mzee wa ajabu. Kufika jioni wengine walikuwa na vipele mwili mzima, wengine wakitapika. Mimi mwenyewe niliwapeleka wawili kliniki na kukaa nao. Hakufa mtu, na wote walipona. Siku chache baadaye vijimea vilianza kufa na kuoza, hewa ikaisha majini, na samaki wakaelea matumbo juu kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee wa shamba akafunga geti.

Jioni ya siku geti lilipofungwa ukaingia ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Haukutaja jina. Ulikuja kama ombi la maombi, kama mambo haya yanavyokuja siku zote: "Wapendwa, tumuombee mzee wetu mmoja ambaye moyo umeingiwa na uchungu. Ameonekana akidondosha dawa katika maji yale. Tumuombee, tusimhukumu." Asubuhi ulikuwa umefutwa. Lakini ulikuwa umeshatumwa Houston, na huko umeshatumwa kwingine. Mzee wa chupa alikuwa mmoja tu.

Tuliusikiliza pamoja jikoni, mimi na Patroba, mara moja. Sauti ile tuliijua sote wawili kabla sentensi ya kwanza haijaisha. Nilichukua ufunguo wa gari. Akaniwekea mkono begani.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwambia mwenye mdomo huo aseme mbele yangu."

"Kaa."

"Baba Kanana, wamekuita mchawi!"

"Kaa. Usimtaje mtu. Mama bado yuko hai." Mama yao, kule Homa Bay, alikuwa amezika binti na mume, na alikuwa na watoto wawili waliobaki. "Habari ikifika kwake kwamba nilitia sumu, hataamini. Ikifika ya mwenye sauti hii, ataamini. Bora hiyo ya kwanza."

Nikakaa. Yeye akaondolewa katika baraza la wazee wa kanisa "mpaka mambo yatulie." Majibu ya maabara yalitoka: hakuna dawa yoyote iliyotiwa ziwani, sumu iliyokuwemo ilitengenezwa na vijimea vyenyewe. Yalisomwa kanisani kwa Kiingereza, haraka, katikati ya tangazo la harusi na la koti lililosahauliwa chooni. Celestine pekee ndiye aliyekuja nyumbani. Alisimama mlangoni, akatazama viatu vya Patroba vilivyopangwa, akasema, "Mzee, nilivuta kamba ile kwa nguvu zangu zote." Patroba akamkaribisha chai, akamwonyesha chupa zote mbili kwa hadubini. Huyo mama alilia.

Binti yetu Kanana, anayeishi Carrollton, alitaka tuhamie kwake. Alimwambia baba yake kwa Kiingereza, kama wanavyotujibu watoto wetu, kwamba hana deni la maelezo kwa watu hao. Patroba alikataa. Alisema akihama watasema amekimbia. Aliendelea kuvaa tai Jumapili, akakaa kiti cha nyuma, na watu wakawa wanaacha nafasi pande zote mbili zake. Nilikuwa nakaa kulia kwake. Kushoto kulibaki wazi.

Mwezi wa kumi na moja moyo ulimshinda. Mnajua msiba wetu ulivyo hapa, watu hujaa mpaka ngazini, magari yakaziba mtaa, majirani Wazungu wakachungulia. Kwetu nilipanga viti vya kukodi sebuleni na uani, nikapika kama desturi. Jioni ya kwanza walikuja wachache. Jioni zilizofuata walipungua. Basi la Houston halikuja. Niliurudisha wali mwingi kwenye friji, mahali zilipokuwa chupa. Wilfred alisoma neno kaburini kwa sauti iliyokuwa ikikatika, na sikumtazama.

Sasa majani yamerudi ziwani. Mzee wa shamba alipanda mengine, akaacha matete yaote kwenye mdomo wa mtaro ili yashike mbolea kabla haijafika. Hiyo ilikuwa ramani ya Patroba, alimchorea mzee huyo akiwa tayari anapumua kwa shida. Maji hayako kama zamani, kwa sababu nyumba za juu zimezidi, lakini chini panaonekana siku za utulivu. Nasikia kanisani inasemwa kwamba maombi yameliponya ziwa. Waombe, si vibaya. Ila mikono iliyopanda ina wenyewe.

Mwezi uliopita Wilfred alikuja nyumbani. Alikuwa amekonda. Aliniomba niende kwenye ibada ya shukrani ukingoni mwa ziwa, nisimame karibu naye, jina la Patroba litajwe na arudishwe katika orodha ya wazee, hata kama ameshalala. Nikamwambia kwamba jina la mume wangu halikuondoka mahali popote hata lirudishwe. Kisha akakaa kwenye kiti ambacho hakuna mtu aliyekikalia tangu msiba, akafunika uso, na akasema alilokuwa amekuja kusema. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikampa maji ya kunywa. Akaondoka.

Tangu siku hiyo simu hazikomi. Naserian, Celestine, hata watu ambao hawakuleta sahani moja msibani, wote wanataka nithibitishe sauti ile ilikuwa ya nani, na alisema nini sebuleni kwangu. Kila mmoja ananiambia ni kwa ajili ya kumsafisha Patroba.

Patroba nimeshamsafisha, mbele yenu, kwa maneno haya. Jina lake la ukoo hakulibeba peke yake. Analibeba binti yangu, analibeba mama mkwe wangu ambaye bado yuko hai, na wapo wengine wanaolibeba. Yeye alinyamaza kwa ajili ya jina hilo mpaka akazikwa nalo. Mimi sitalivunja kwa ajili ya simu za jioni.

Msinipigie kuniuliza. Sitasema zaidi.